Makadirio ya bei kwenye mnada wa magari ya kale: uyaamini kiasi gani?

Novemba 2023, mjini New York, kampuni ya RM Sotheby's ilipiga mnada Ferrari 330 LM/250 GTO ya mwaka 1962. Makadirio yaliyotangazwa yalikuwa zaidi ya dola milioni 60. Nyundo ya dalali iligonga, yaani dau la mwisho likakubaliwa, kwenye dola milioni 47. Habari zilizotufikia kwenye simu hapa Nairobi zikasema gari limeuzwa kwa dola 51,705,000. Ni namba tatu za gari moja, na hakuna hata moja iliyo ya uongo. Mabishano mengi kuhusu bei za magari haya, yakiwemo yale yanayosikika pale uwanja wa mbio wa Ngong Road siku ya onyesho la magari la Concours d'Elegance, huzuka kwa sababu kila mmoja ameshika namba yake na hajui mwenzake ameshika ipi.

Msimamo wetu ni kwamba makadirio ya mnada si utabiri. Ni namba iliyokubaliwa kati ya kampuni inayotaka kulipata gari na mwenye gari anayetaka kupata pesa nzuri. Kwa magari ya kawaida namba hiyo mara nyingi huwa karibu na ukweli, lakini haikuwekwa ili iwe sahihi. Iliwekwa ili gari lifike mnadani na wanunuzi walifuate. Ukiisoma kwa jicho hilo inakupa habari nyingi, ila si zile unazodhani.

Tuanze na namna inavyozaliwa. Mtaalamu wa kampuni ya mnada hukusanya bei za magari ya aina ileile yaliyouzwa karibuni, kisha hupandisha au kushusha kulingana na hali ya gari, historia yake na karatasi zake. Hadi hapo ni kazi safi. Halafu anakaa na mwenye gari, ambaye tayari ana namba yake kichwani, na pengine ameshaongea na kampuni nyingine mbili. Gari likiwa la fahari, lile litakalowekwa kwenye jalada la katalogi, kampuni hushindana kulipata, na silaha mojawapo ya ushindani huo ni kuahidi makadirio makubwa. Ndiyo maana makadirio ya magari ya mamilioni ya dola yana tabia ya kuelemea juu. Kwa gari la kati, mfano Mercedes W123 au MGB, hakuna anayeshindania kwa nguvu hivyo. Hapo mtaalamu hupenda kuyaweka chini kidogo, kwa sababu bei ya chini huvuta watu, na watu wengi wakishaingia kwenye mashindano bei hupanda yenyewe.

Kisha kuna bei ya siri, yaani kiwango ambacho mwenye gari hakubali kushuka chini yake. Huandikwa kwenye mkataba wake na kampuni na haitangazwi. Kwa desturi ya kampuni kubwa, bei ya siri haizidi makadirio ya chini. Kwa hiyo ukiona gari limeandikwa dola 100,000 hadi 120,000, jambo unaloweza kulishika kwa uhakika zaidi si kwamba gari lina thamani ya 110,000. Ni kwamba mwenye gari amekubali kuuza kwa 100,000 au chini ya hapo. Makadirio ya juu hayana uzito kama huo; mara nyingi ni matumaini ya muuzaji yaliyochapishwa.

Usidanganywe na kasi ya mwanzo pia. Masharti ya minada mingi humruhusu dalali kutaja bei kwa niaba ya muuzaji hadi karibu na bei ya siri. Unaweza kusikia 60, 65, 70, 75, na katika chumba kizima hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeinua mkono. Bei yenye maana ni ile inayotajwa baada ya dalali kutangaza kwamba sasa gari linauzwa.

Ondoa kamisheni kwanza

Kosa linaloharibu hesabu za watu wengi ni kulinganisha makadirio na matokeo kama yalivyochapishwa. Makadirio huandikwa bila kamisheni ya mnunuzi, yaani ada ambayo mnunuzi huilipa kampuni juu ya bei ya nyundo. Matokeo hutangazwa pamoja na kamisheni. Katika minada mikubwa ya Marekani kamisheni hiyo imekuwa asilimia 12 ya dola 250,000 za kwanza na asilimia 10 ya kinachozidi hapo. Rudi kwenye Ferrari ya New York: asilimia 12 ya 250,000 ni 30,000, asilimia 10 ya zile 46,750,000 zilizobaki ni 4,675,000. Jumlisha na milioni 47, unapata 51,705,000 kamili.

Ukitaka kurudi nyuma, kutoka bei iliyotangazwa hadi bei ya nyundo, fanya hivi. Kama bei iliyotangazwa haizidi dola 280,000, igawe kwa 1.12. Kama inazidi, toa 280,000, gawa kinachobaki kwa 1.10, kisha ongeza 250,000. Viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma masharti ya mnada husika kabla ya kushika kikokotoo. Uingereza na Ulaya huongezwa VAT juu ya kamisheni, na baadhi ya kampuni huitangaza ndani ya bei, nyingine hapana.

Tazama hesabu hiyo inavyobadilisha picha. Gari la makadirio ya 100,000 hadi 120,000 linatangazwa limeuzwa kwa 106,400. Msomaji anasema makadirio yalikuwa sahihi. Gawa kwa 1.12: nyundo ilikuwa 95,000. Gari liliuzwa chini ya makadirio ya chini, na huenda mwenye gari alilazimika kulegeza. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Ferrari 250 GTO iliyouzwa Monterey, California, Agosti 2018. Makadirio yalikuwa dola milioni 45 hadi 60, bei iliyotangazwa ilikuwa 48,405,000, na wengi wakaandika kwamba imeingia ndani ya makadirio. Nyundo ilikuwa milioni 44. Kwa kipimo cha haki haikuyafikia.

Upana wa makadirio nao unasema jambo. Katika 45 hadi 60, namba ya juu inazidi ya chini kwa theluthi moja. Hiyo ni dalili kwamba mtaalamu hakuwa na mifano ya kutosha, au kwamba yeye na mwenye gari hawakuelewana wakakubaliana kuandika namba zote mbili. Makadirio ya 22,000 hadi 26,000 kwa gari linalouzwa kila wiki hutoka kwa mtu mwenye data. Na pale panapoandikwa kwamba bei itatolewa kwa atakayeuliza, chukulia kwamba hakuna makadirio, kuna mazungumzo.

Magari ambayo hayakuuzwa

Hapa ndipo takwimu nyingi za mitandaoni zinapoharibika. Gari lisipofika bei ya siri haliuzwi, na lisipouzwa mara nyingi halihesabiwi kwenye wastani. Tuseme magari kumi ya aina moja yamepigwa mnada mwaka huu. Saba yameuzwa, kwa wastani wa asilimia 95 ya katikati ya makadirio. Matatu yamerudi nyumbani baada ya mtu wa mwisho kutaja asilimia 70. Ukihesabu yaliyouzwa tu, makadirio yanaonekana yamekosea kwa asilimia 5. Ukihesabu yote kumi, wastani wa kile soko lilichokuwa tayari kutoa ni asilimia 87.5. Tofauti hiyo ndiyo ukweli wa soko, nayo imefichwa kwenye mistari iliyoandikwa kwamba gari halikuuzwa. Kwa hiyo unapokusanya bei zako, andika pia magari yaliyoshindikana na bei ya juu iliyotajwa, kama imeonyeshwa. Kumbuka tu yale tuliyosema juu ya dalali kutaja kwa niaba ya muuzaji: asilimia 70 hiyo nayo huenda haikutoka kwa mnunuzi yeyote, na soko halisi likawa chini zaidi.

Gari lisilo na bei ya siri ni habari nyingine kabisa. Hilo litauzwa, iwe isiwe. Makadirio yake huwekwa chini makusudi, na matokeo huenda pande zote mbili kwa nguvu. Februari 2015, Paris, kampuni ya Artcurial iliuza magari ya familia ya Baillon yaliyokuwa yamekaa miaka mingi kwenye mabanda, mengine yakiwa vyuma vya kutu tu. Ferrari 250 GT SWB California Spider iliyokuwemo ilikadiriwa euro milioni 9.5 hadi 12 na ikauzwa kwa takriban milioni 16.3 pamoja na kamisheni. Magari mabovu kabisa ya mkusanyiko ule yalipita makadirio yao mara kadhaa. Lakini huwezi kuchukua bei za siku kama ile kuwa kipimo cha gari lako. Walionunua walilipia pia hadithi ya ugunduzi, na hadithi hiyo haipo kwenye gari lingine lolote la aina hiyo.

Magari ya pekee ndiyo magumu kuliko yote. Porsche Type 64 iliyopelekwa Monterey mwaka 2019 ilitarajiwa kufika takriban dola milioni 20. Skrini ilianza kuonyesha milioni 30, ikaenda hadi 70, kisha dalali akaeleza kwamba namba zilisikika vibaya na dau halisi ni milioni 17. Gari halikuuzwa. Watu wanaikumbuka ile vurugu ya skrini, na kwa kweli iliharibu imani chumbani, lakini tatizo la msingi lilikuwepo kabla ya mnada kuanza: gari halikuwa na mfano wake sokoni, na wataalamu hawakukubaliana hata kama liitwe Porsche au la. Palipo na ubishi wa namna hiyo makadirio hayana kitu cha kuegemea.

Kwa hiyo kama tunaulizwa makadirio ya nani yaaminiwe, jibu letu ni yale ya magari yaliyotengenezwa kwa maelfu na kuuzwa mara kwa mara: Volkswagen Beetle, Mercedes W123, MGB, Land Rover Series, Porsche 911 za kawaida. Hapo makosa makubwa hayatoki kwenye soko bali kwenye hali ya gari lenyewe. Mtaalamu aliandika makadirio kwa kutazama gari juu juu, pengine kwa picha tu, wiki kadhaa kabla ya mnada. Mnunuzi anayelala chini ya gari saa mbili kabla ya mnada ana habari bora kuliko katalogi.

Alale atazame nini? Land Rover Series ina bodi ya alumini inayong'aa juu ya fremu ya chuma inayooza. Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa ule mhimili wa fremu unaokatiza nyuma kabisa, kisha inua mkeka uone sakafu ya miguuni. Beetle hula kutu kwenye mifereji ya hewa ya moto iliyo kando ya sakafu na chini ya betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. W123 hula kutu pale jeki inapoingizwa, kwenye matao ya magurudumu na kuzunguka dirisha la paa. Hizi si kasoro ndogo. Kukata na kuchomelea sakafu na mifereji hiyo, kisha kupiga rangi upya, kunaweza kugharimu zaidi ya tofauti yote kati ya makadirio ya chini na ya juu. Rangi mpya inayong'aa juu ya maeneo hayo itie shaka, usiilipie zaidi.

Baada ya kutu, namba. Namba ya injini na ya chasisi zikiwa ndizo zilizotoka kiwandani pamoja, bei hupanda. Injini ikiwa ilibadilishwa njiani, hushuka, na kwa magari ya michezo hushuka sana. Linganisha kilichogongwa kwenye chuma na kilichoandikwa kwenye karatasi. Kwa magari mengi ya Uingereza kuna cheti cha British Motor Industry Heritage Trust, kinachotaja namba za awali, rangi na nchi gari lilikopelekwa. Mini ya kawaida iliyovalishwa beji za Cooper S, toleo lake la kasi, au Datsun 1600 iliyofungwa kabureta mbili ili iitwe SSS, ikikadiriwa kama halisi makadirio yake hayafai kitu, hata kama katalogi ni ya kampuni kubwa.

Namba za nje zinapofika Nairobi

Mwenye gari wa Lavington au Karen anasoma kwamba Land Rover kama yake imeuzwa Uingereza kwa pauni 23,600 na anaanza kuhesabu shilingi. Tumsaidie kuhesabu. Tuseme kamisheni ya mnunuzi ni asilimia 15 na VAT ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo, jumla asilimia 18. Nyundo ilikuwa 20,000. Muuzaji naye hulipa kamisheni. Tuiweke asilimia 10 na VAT yake, jumla 12. Mkononi anapata 17,600. Robo nzima ya ile namba aliyoisoma imeshaondoka, na bado hatujataja meli, bima ya safari, ada ya kuingiza gari kwenye katalogi, wala kodi ya kuliingiza Uingereza. Kodi hiyo huwa VAT ya asilimia 5 likitambuliwa kuwa gari la ukusanyaji la zaidi ya miaka 30, lililo katika hali yake ya asili na la aina isiyotengenezwa tena. Aliyelibadilisha injini na kulifunga viti vya kisasa asidhani atapewa nafuu hiyo bila maswali.

Shilingi nayo ina neno. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Gari la dola 100,000 lilikuwa la shilingi milioni 16, kisha milioni 13, na halikuwa limesogea hata hatua moja kutoka gereji. Ukikuta mtu ameandika bei ya mnada kwa shilingi bila tarehe, rudi kwenye fedha ya awali.

Na zaidi ya yote, soko letu limefungwa upande mmoja. Kanuni ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, iitwayo KS 1515:2000, huzuia kwa kawaida kuingiza gari lililozidi miaka 8. Magari ya kale yanayozunguka Nairobi ni yale yaliyobaki hapa, na hayaongezeki. Ungetarajia hilo lipandishe bei zote, lakini hupandisha zile tu ambazo zina wanunuzi. Peugeot 504 iliyounganishwa hapa nchini ina mafundi na spea Kirinyaga Road na watu wanaoipenda tangu utotoni; itauzwa. Sedani adimu ya Italia isiyo na spea inaweza kuwa na makadirio mazuri Milano na hapa isipate mnunuzi hata mmoja kwa mwaka mzima.

Mnada wa kawaida wa Nairobi, ule wa magari yaliyokamatwa kwa madeni, hautasaidia kupima gari la kale. Bei ya chini pale hutokana na ripoti ya tathmini yenye namba mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na benki hutazama zaidi hiyo ya pili. Ripoti ya bima ina lengo lingine tena. Ukipeleka gari la 1972 kwa mthamini, mwambie kwa maandishi unataka thamani ya nini, mpe mwenyewe bei sita au nane za magari ya aina hiyo zilizoondolewa kamisheni, pamoja na risiti za kazi ya bodi na injini. Asipopewa hivyo atalazimika kubahatisha, na bima italipa kulingana na bahati hiyo.

Linabaki dai linalopandisha makadirio hapa kuliko jingine lolote: kwamba gari lilikimbia mashindano ya magari ya Safari Rally. Tunaelewa kwa nini. Mashindano yalianza 1953, Joginder Singh alishinda mara tatu, Peugeot 404 na 504 na Datsun 240Z zilijenga jina lao kwenye barabara zetu. Gari lenye historia hiyo iliyothibitika lina thamani ya kweli, ndani na nje ya nchi. Lakini uthibitisho si roli bari, yaani vyuma vya kumkinga dereva gari likibingirika, na taa nne za mbele. Tafuta picha ya mashindano inayoonyesha namba ya usajili, kisha ilinganishe na logibuku, kwa sababu namba za Kenya hubaki na gari. Tafuta orodha ya washiriki ya mwaka huo. Kisha tazama chasisi kama ndiyo ileile, maana magari ya mashindano yaligonga, yakapinda, na bodi zikabadilishwa huku namba zikihamishwa. Baadhi ya magari ya timu za viwanda yalikuja na namba za kigeni na kuondoka nazo, kwa hiyo anayesema lake lilikuwa la timu ya kiwanda ana kazi kubwa zaidi ya kuonyesha karatasi. Mpaka azionyeshe, likadirie kama gari la kawaida la aina hiyo lililotumika sana, na bei yako ya juu iandike kwenye karatasi kabla dalali hajapanda jukwaani, kamisheni ikiwa ndani yake.